Birika, Msalimie wa Juu

Siku ya mwisho ya ziara huwa siichangamkii hata kidogo. Wageni wamechoka, mimi nimechoka kuliko wao, na maneno yote mazuri kuhusu moto wa ardhini nimeyamaliza tangu siku ya pili. Kinachobaki ni kuwapandisha mlima Kyejo, kuwaonyesha shimo lililolala kule juu, kuwashusha hadi lango la chini bila mtu kuvunjika mguu, kisha kwenda nyumbani kulala. Asubuhi hiyo mvua ya Rungwe ilikuwa imenyesha, ikapumzika, ikaanza upya. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko la kambi, nalikodolea macho birika, na usingizi nilikuwa sijauonja vizuri tangu ziara ianze.

Kilichoninyima usingizi ni hodi. Naiita hodi kwa kukosa neno jingine. Ilikuwa inagonga nyuma ya shingo yangu, chini ya kiraka nilichoshonewa cha kuusikiliza mlima: mara tatu za haraka, kimya, mara moja, kimya kirefu kuliko kinavyostahili, kisha mbio mbio kama mtu aliyechelewa. Ilianza siku ya kwanza pale Daraja la Mungu, nikiwa katikati ya kuwaeleza wageni jinsi mto ulivyoutoboa mwamba. Nikakatisha maneno, nikashika ukingo wa mawe. Wale wageni wakadhani nimeguswa na uzuri wa mahali, wakanipiga picha.

Nikachukua redio, nikaisogeza karibu na jiko, nikafanya kama ninavyofanya kila asubuhi.

"Birika," nikasema, "msalimie wa juu. Muulize mlima umeamkaje."

Redio ikakwaruza. Kule juu, katika kibanda kilicho karibu na mdomo wa mlima, sauti ya mzee ikajibu. Haikunijibu mimi.

"Mbwa, mwambie birika mlima umelala. Mwambie huku kuna ukungu, watu wake wavae nguo nzito."

Bwana Mmasi, mgeni wetu kutoka Moshi, alikuwa anafunga kamba za viatu. Akainua uso, akanitazama, akalitazama birika. Sura ile nimeizoea. Kila ziara huwa na mmoja anayejiuliza kama kiongozi wake ana akili timamu, na safari hii alikuwa yeye. Basi nikamweleza. Yule wa juu ni baba wa mume wangu. Kwetu Wanyakyusa, katika nyumba zinazoishika mila hiyo, mkamwana hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Nikisikia anakuja, nampisha njia. Yeye akisikia hatua zangu, anaingia ndani na kufunga mlango. Hatuna ugomvi. Ni heshima, ila ina kazi nyingi. Wengi wa mjini wameiacha, na mume wangu, ambaye kazi ilimhamishia Dodoma, huicheka waziwazi. Mimi nimeolewa katika nyumba ile nikaikuta, nikaishika. Mama mkwe alipokuwa hai, yeye ndiye aliyekuwa mdomo wetu. Tangu afariki tunatumia birika na mbwa.

Bwana Mmasi akasema kwao Kilimanjaro mtu angeona haya kuongea na birika. Kilimanjaro ilikuwa imetushinda ziara nzima kwa urefu, kwa baridi na kwa ndizi, na sasa ikatushinda kwa wakwe. Nikamwambia anywe chai yake, njia ni ndefu.

Sikumwambia kwamba sauti ya mzee ilikuwa fupi asubuhi ile, na kwamba kati ya neno na neno alikuwa anatafuta pumzi.

*

Njiani niliwaeleza habari za mizizi, maana ndiyo wageni wengi wanayoijia. Nilieleza huku nikihema, magoti yananiuma, na nina hakika niliruka mambo kadhaa.

Kyejo ulipotapika, vyombo vya chuma vya kuupima vilikuwa vimefukiwa kila mahali, vikaliwa na mvuke, vikasema mlima ni mzima hadi dakika ya mwisho. Waliozikwa na majivu siku ile hawakuhesabika vizuri. Ndipo Shirika la Usikivu likaja na kitu chenye uhai: nyuzi za neva, ndizo tunazoziita mizizi, zilizooteshwa maabara, zikapandwa katika mashimo mlima mzima kama sisi tunavyopanda viazi. Nyuzi hazishiki kutu. Zikiungua zinaota tena. Zinachokisikia zinakileta kwenye kiraka cha ngozi kilichoshonwa juu ya uti wa mgongo wa mtu, na mtu huyo anausikia mlima kama anavyosikia tumbo lake mwenyewe.

Hapo ndipo penye shida. Mtu akiwa peke yake hawezi kujua lipi tumbo na upi mlima. Njaa yake, homa yake, hofu yake, vyote vinapita mlango huo huo. Kwa hiyo kila mlima una wasikilizaji wawili wanaokaa mbalimbali. Wanachokisikia wote wawili, huo ni mlima. Anachokisikia mmoja peke yake, huo ni mwili.

Mke na mume kutoka Ureno, wageni wengine wa ziara ile, wakauliza wasikilizaji wanachaguliwaje. Nikawasimulia kikao chetu, kwa sababu kinachekesha na nilihitaji kucheka. Msikilizaji mwenza wa zamani wa mzee alipostaafu, mtu wa Shirika aliyetumwa kupanga mwingine alitoka mbali. Akaona watu wawili wenye ubini mmoja, akafurahi: jamaa wa nyumba moja wataaminiana. Akatuita wote katika chumba kimoja. Mimi nilipoiona kofia ya mzee mlangoni nikatokea dirisha la nyuma, nami si mwembamba. Mzee alipoambiwa mkamwana wake yumo humo ndani, akageukia ukuta. Yule bwana akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Mmoja alikuwa kwenye migomba anajipangusa matope, mwingine anautazama ukuta. Hakusikia pingamizi, akatupanga pamoja, akaondoka siku hiyo hiyo.

Wageni wakacheka. Nikawaacha wacheke, nikayabakiza moyoni yale yasiyochekesha.

Shirika halikujua kwamba nyuzi zikikaa miaka mingi zinatafutana. Mwanzoni nilianza kujua mzee anapokuwa na njaa. Baadaye nikajua anapoota ndoto mbaya. Siku mama mkwe alipofariki nilikuwa sokoni Tukuyu, nikakaa chini katikati ya mafungu ya maparachichi nikalia kwa sauti, na simu ya msiba ikaja baadaye kabisa. Kwa hiyo ile kanuni ya wawili kwetu sisi ilikuwa imeshakufa. Kinachonigonga kingeweza kuwa mlima, na kingeweza kuwa yeye. Sisi wawili tulijua, na hatukuwahi kulizungumza. Jambo la namna ile utalipitishaje kwa birika?

Sheria yenyewe haina kona. Msikilizaji akishuku kwamba anachokisikia ni mwili wa mwenzake, anakiambia Kituo cha Shirika kule Mbeya mjini, na mgonjwa anakatwa waya, yaani anatenganishwa na mlima, siku hiyo hiyo. Anayebaki naye anakatwa, kwa kuwa peke yake hana kazi. Na kila ziara ikiisha, nikifika langoni, ninatakiwa kusema kwa mdomo wangu kwenye redio: nimesikia mlima tu. Siku zote zile nilikuwa naiahirisha hodi ile, najiambia labda kesho itanyamaza. Sasa kesho ilikuwa imefika, na lango lilikuwa linanisubiri chini ya mlima.

Mzee mwenyewe alishasema neno lake, na mama mkwe alinifikishia. Siku watakayomkata, alisema, wasihangaike kumpeleka hospitali, wachimbe kabisa. Baada ya mkewe kuondoka hakuwa na mwenzi mwingine zaidi ya mlima. Mimi nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana nilikuwa nausikia upweke wake kila jioni kama baridi ya miguuni. Nilimpenda yule mzee. Nilikuwa sijawahi kumwona uso, lakini nilimpenda.

*

Tulipofika kwenye mawe meusi, yale yaliyoganda yakiwa yanatiririka, njia ikawa na utelezi. Nikampa mkono Bi Mwanakombo. Huyu alikuwa mgeni wetu mkubwa kwa umri, muuguzi mstaafu kutoka Tanga, mama mkimya aliyetembea na fimbo ya mwanzi na ambaye ziara nzima hakulalamika hata mara moja. Alinishika mkono, akapanda jiwe la kwanza, akapanda la pili, kisha akasimama. Akatazama vidole vyangu.

Akauliza kwa nini vinagonga. Sikuwa najua kwamba vinagonga. Akanifungulia kiganja chake, akasema nigonge hapo, polepole, kama ninavyosikia. Nikagonga. Akafumba macho, mvua inamtiririka kwenye mtandio, na wale wengine wakatupita.

"Huu si mlima, mwanangu," akasema. "Huu ni moyo wa mtu, na umechoka. Ni wa nani?"

Nikamwambia. Akauliza kibanda kiko wapi, nikamwonyesha juu kwenye ukungu. Akauliza nasubiri nini.

Nikamweleza kwamba sina hakika, na nilikuwa nasema kweli. Gesi inapotafuta njia chini ya Kyejo, nayo hugonga na kunyamaza vivyo hivyo, nimewahi kuisikia. Nikisema mwili kumbe ni mlima, bonde zima litakaa linachuma chai hadi moto uwafikie mlangoni. Nikisema mlima kumbe ni mwili, watu watakimbia bure. Mwaka juzi mlima wa jirani ulitangaziwa hatari ya uongo, watu wakakanyagana darajani, na tangu hapo nusu ya watu wa vijijini wameapa hawakimbii tena. Ukiwakimbiza bure mara nyingine, siku ya kweli watakaa.

Bi Mwanakombo akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba moyo ule hautasubiri mimi nipate hakika.

*

Pigo lilikuja tukiwa tumeshafika ukingoni, wageni wamesimama wanalitazama shimo na ukungu wake. Lilinipiga kifuani na mgongoni kwa pamoja, nikapiga magoti kwenye kokoto. Meno yaliniuma. Bwana Mmasi alinishika bega akauliza nimekanyaga nini, na kabla sijamjibu redio ikalia ule mlio wake mbaya.

Alikuwa Nasibu wa Kituo, kijana mtaratibu mwenye lafudhi ya Kigoma. Viraka vyote viwili vimeruka, akasema. Anahitaji neno la kila mmoja wetu, na analihitaji kabla chai haijachemka. Wote tukisema mlima, ving'ora vitalia bonde zima na kipanga kitakuja kuwachukua wageni wangu. Kipanga ni ndege ya uokoaji isiyo na rubani, na Mbeya nzima ilikuwa nacho kimoja. Mmoja akisema mwili, kitakwenda kwa mgonjwa.

Birika lilikuwa limebaki kambini. Nikaichukua chupa ya chai ya Bwana Mmasi.

"Chupa, muulize wa juu anasikia nini."

Tulisubiri. Tulimsikia mbwa kwanza.

"Mbwa," mzee akasema, "mwambie... mwambie ni mlima. Unapanda. Watoe watu wake hapo."

Alikuwa hadanganyi. Nimekaa naye shingoni miaka yote hiyo, namjua akidanganya, kama vile anapomwambia daktari kwamba ameacha tumbaku. Safari hii aliamini anachosema. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko pigo lenyewe. Mzee alikuwa hajui tena yeye anaishia wapi na Kyejo unaanzia wapi.

"Mama Bupe," Nasibu akaniita kwa jina la binti yangu, kama kila mtu anavyoniita, "moja nimepata. Nahitaji lako."

Bi Mwanakombo akaninong'oneza nimwambie mzee abane pumzi akaze tumbo. Moyo utabadili mwendo, mlima hautabadili. Nikaipa chupa ujumbe. Hakujibu mtu. Mbwa alibweka mara moja akanyamaza.

Nikawaambia wageni wakae chini, wasiondoke, nikashika njia ya kibandani. Nilitaka kukimbia, kokoto zikateleza, nikaenda kwa kujikokota huku Nasibu akiniita kwenye redio. Buti zangu zilikuwa zinakwaruza kokoto kwa kelele. Nilipolipita jiwe kubwa nikauona mlango wa kibanda. Ulikuwa wazi.

Na pale pale hodi ikaruka. Ikaenda mbio isiyo na mpango, ikajikwaa, ikaruka tena. Nikasimama. Baada ya kitambo ikashuka, ikarudi kwenye kuchechemea kwake. Nikapiga hatua nyingine, buti likakwaruza, ikaruka.

Nilielewa, na nilipoelewa machozi yakanitoka. Mzee alikuwa amenisikia nakuja. Alikuwa anajaribu kuinuka akafunge mlango.

Kyejo unaweza kutetemeka kwa gesi, kwa maji, kwa mawe yanayoshuka usiyoyaona. Lakini hautetemeki kwa sababu mkamwana anakuja. Mlima hauna mkamwana.

"Mwili," nikamwambia Nasibu. "Ni mwili. Leta kipanga kibandani."

Najua alikuwa anajua mila zetu, kwa kuwa alizungumza kwa upole sana. Akasema mtambo haupokei neno hilo bila jina. Lazima msikilizaji amtaje mwenzake kwa sauti yake mwenyewe, jina lake na la baba yake, ndipo kipanga kiruke. Akasema angekuwa na njia nyingine angeniambia.

Nikageuka, nikatazama chini kwenye ukungu, upande wa nyumbani. Katika ndoa yangu yote nilikuwa sijawahi kulitamka. Mtoto wa jirani mwenye jina hilo mimi humwita Kijana tu. Nikilitamka, ninamkata mzee kutoka kwenye mlima, ninajikata na mimi, na ninaivunja heshima ambayo hata sasa, akiwa anakata roho, alikuwa anaigharamia kwa mapigo ya moyo wake.

Nikalitaja. Hapa sitaliandika, nimelisema mara moja, inatosha.

Kisha nikavua buti, asinisikie tena akajitesa, nikaenda pekupeku juu ya kokoto zenye makali.

Alikuwa chini, kati ya kitanda na mlango, mkono mmoja umenyooka kuelekea kwenye komeo. Mbwa amelala pembeni yake. Nilipoingia hakuwa na nguvu ya kugeuka. Akanitazama. Na mimi nikamtazama. Ana masikio ya mume wangu, na kovu kwenye kidevu ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniambia habari zake.

"Nilidhani wewe ni mrefu," akasema.

Bi Mwanakombo alikuwa ameshafika nyuma yangu, kumbe alinifuata na fimbo yake, akaniamuru nimwinue mzee kifua kiegemee kitanda. Nikamshika kwapani. Alikuwa mwepesi. Mama yule akamtafunisha kidonge kutoka kwenye mkoba wake, akamfungua vifungo vya shati, akamwambia apumue anavyoweza, asishindane. Mzee akatii. Alikuwa bado ananitazama.

"Umewaambia nini Kituo?"

"Nimesema mwili, baba."

"Umenitaja?"

"Nimekutaja."

Hakuniondolea macho mpaka tukaanza kuisikia sauti ya kipanga ikipanda kutoka bondeni. Ndipo akakusanya nguvu kidogo alizokuwa nazo, akageuza uso ukutani. Miaka yote amegeukia ukuta kwa heshima. Safari hii haikuwa heshima, na iliniuma.

*

Bi Mwanakombo alipanda kipanga pamoja na mzee. Alisema ziara yake imeishia hapo, na Kyejo ameuona wa kutosha. Mimi niliwashusha waliobaki. Bwana Mmasi alinibebea mkoba bila kuombwa, na njia nzima hakuitaja Kilimanjaro. Wale wa Ureno walikuwa wameziweka kamera zao mkobani. Mbwa alitufuata kwa mbali kidogo, kama vile anayefikiria kwanza.

Nilikuwa namsikia mzee anavyokwenda. Nilimsikia akivuka juu ya mashamba ya chai, nikasikia sindano ikiingia, nikasikia mapigo yakianza kujipanga, moja, moja, moja. Nilitembea kwa mwendo wake. Tulikuwa tumeshakaribia lango, naona bati lake linang'aa kwa mvua, wakati walipomkata.

Haikuuma. Ilikuwa kama mashine ya kusaga ya jirani inapozimwa jioni, ukatambua kumbe siku nzima ilikuwa inanguruma. Nikasimama njiani. Bwana Mmasi akauliza kama ni mlima, nikamwambia hapana, ni kimya tu. Tulipoendelea kutembea sikujua kama mzee yu hai au amekufa. Watu wengine wote duniani wanaishi hivyo, hawajui mpaka waulize, na sijui wanawezaje.

Langoni wageni waliniaga. Mke na mume wakanikumbatia. Bwana Mmasi alinipa mkono, akaniachia ile chupa yake ya chai, akasema huenda nitaihitaji kuzungumza na mtu. Alikuwa hanitanii.

Nasibu akaniuliza swali la mwisho wa ziara, kama inavyotakiwa: nimesikia nini?

"Ziara hii sikuusikia mlima hata mara moja," nikamwambia. "Nilimsikia mzee tu."

Akashukuru. Akasema Kyejo utasikilizwa kutokea milima ya jirani mpaka wapatikane wasikilizaji wawili wengine, na kwamba kesho asubuhi wananisubiri Mbeya na mimi, ni kazi ndogo, nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Nikasema sawa. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata kusikitika niliona ni safari.

Nikakaa kwenye jiwe la langoni, mbwa naye akaamua kukaa. Simu ikaita. Alikuwa Bi Mwanakombo, yuko wodini, sauti yake imechoka kama yangu. Mzee amenusurika kwa leo, akasema. Ila hasemi na daktari, hasemi na muuguzi, uji ameukataa. Ametamka jambo moja tu, kwamba apewe simu. Anampa sasa.

Nikasikia simu ikishikwa. Nikasikia pumzi, kwa sikio, kama mtu yeyote anavyosikia pumzi ya mtu mwingine. Nikatafuta cha kuzungumza nacho. Kulikuwa na chupa ya Bwana Mmasi, kulikuwa na mbwa, kulikuwa na nguzo ya lango. Nikaiacha yote.

"Shikamoo, baba."

Nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayegeuka kutoka ukutani.

"Marahaba," akasema. Kisha: "Mlima unasemaje?"

Nikamwambia ukweli. Peke yangu siwezi kujua. Nina njaa, miguu imechubuka, sijalala. Nitakachokisikia kinaweza kuwa mimi mwenyewe. Na zaidi ya hapo, ni leo tu, kesho nakatwa.

"Najua," akasema. "Niambie hivyo hivyo."

Nikavua buti tena, nikazikanyagisha nyayo kwenye udongo wenye maji, nikafumba macho. Nikamwambia kuna kitu kinatetemeka chini kwa mbali, kidogo sana, upande wa mashariki. Huenda ni maji yanatembea. Huenda ni magoti yangu.

"Ni maji," akasema. "Jioni huwa yanarudi. Endelea, mama Bupe."

Nikaendelea.